Kiwanja cha Bei Ndogo Msituni

Ndugu msomaji, huenda nawe umekwisha kusema moyoni: "Bukavu imenishinda." Mwenye nyumba anataka kodi kwa dola, tena anataka garanti ya miezi mingi kabla hujaingiza hata godoro lako. Makala ni ghali. Huko Kadutu nyumba za mbao zimebanana, hata moto ukishika moja, jirani hana nafasi ya kuokoa kitu. Huko Funu mlima wenyewe unateremka polepole, mwaka kwa mwaka, pamoja na kuta za watu. Mji huu, ambao Wabelgiji waliuita Costermansville, ulipangwa kwa watu wachache juu ya rasi tano za ziwa Kivu. Leo tumejaa mpaka kwenye miteremko ambapo hata mbuzi husimama kwa shida. Tena mwezi wa pili wa mwaka 2025 vita viliingia mjini, na watu wengi walipoteza kazi na akiba yao.

Basi mtu anaanza kuuliza habari za miji midogo ya msituni: Bulambika katika Bunyakiri, Mwenga, Shabunda. Anaambiwa: "Huko kodi ni ndogo. Mihogo na mawese hupatikana karibu. Kwa franga unazompa mwenye nyumba hapa kwa mwaka, huko utapata parseli yako mwenyewe." Usiku analala akiona mbele ya macho yake nyumba ndogo, migomba nyuma, na watoto wanaocheza bila kuogopa mvua.

Je, ni vibaya kuhama? Hapana. Baba anayetafuta mahali salama pa kuwalaza watoto wake anafanya kazi ya ubaba. Asiitwe mwoga, wala asiambiwe kwamba anausaliti mji. Tena wahenga walisema: penye miti hapana wajenzi. Mwalimu, fundi au muuguzi anayeondoka mjini huenda akawa baraka kubwa huko anakokwenda.

Lakini liko swali moja ambalo wengi hawaulizi, kwa sababu furaha ya bei ndogo huziba masikio. Swali ni hili: kwa nini kiwanja hicho ni cha bei ndogo?

Tutazame sababu zake. Ya kwanza ni umbali. Barabara ya Bunyakiri inapita Miti na kupanda katika msitu wa Kahuzi. Mvua ikinyesha sana, magari hukwama. Kwenda Shabunda, kwa miaka mingi wengi walitegemea ndege. Hospitali ni chache, na shule za juu ni chache zaidi. Sababu ya pili ni vita: tangu 1996 watu wa Bunyakiri na wa Shabunda wamekimbia nyumba zao mara nyingi. Sababu hizi mbili ni nzito, lakini ni za haki. Anayenunua anazijua, na atakayezilipa ni yeye mwenyewe: kwa miguu yake, kwa hofu yake, kwa kukosa daktari karibu.

Sababu ya tatu ni tofauti. Mara nyingine kiwanja ni cha bei ndogo kwa kuwa aliyekiuza si mwenyewe, au kwa kuwa mwenyewe hakuulizwa. Hapo bei haikupungua. Sehemu moja umelipa wewe, na sehemu nyingine amelipa mtu ambaye hukumwona.

Wazee wa Bushi wanalielewa jambo hili. Zamani mtu alipata shamba kwa kutoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, kwa Mwami au kwa mkubwa wa mahali, na shamba hilo watoto wake walilirithi. Asiyeweza kutoa kalinzi alipewa bwasa, yaani ruhusa ya kulima kwa muda tu. Halafu sheria ya mwaka 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Tangu hapo shamba moja liliweza kuwa na wenyewe wawili: mmoja mwenye kalinzi ya baba yake, mwingine mwenye karatasi ya ofisi. Watu wengi waliamka asubuhi na kuambiwa kwamba mahali walipozaliwa pana bwana mwingine.

Lakini wako watu ambao hawakuwa na kalinzi wala karatasi, nao ndio waliolipa kuliko wote. Nasema Batwa. Waliishi katika msitu wa Kahuzi na Biega kwa kuwinda na kuchuma, kabla ya mtu yeyote kuupima kwa kamba. Mwaka 1970 mbuga ilifanywa kwa kuwahifadhi sokwe, na mwaka 1975 ikapanuliwa sana. Batwa walitolewa bila kupewa ardhi nyingine. Watoto na wajukuu wao wanaishi kando ya msitu, katika Kabare na Kalehe, wengi wao juu ya ardhi ya watu wengine. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi msituni kwa nguvu, na damu ilimwagika. Mwaka 2022 nchi yetu ilitoa sheria ya kulinda haki za Mbilikimo. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza hukumu yake: Batwa wa Kahuzi-Biega walidhulumiwa.

Huenda utajibu: "Mimi sikumfukuza Mutwa yeyote. Ninanunua kwa jasho langu." Ni kweli, nawe huna kosa la waliofukuza. Lakini kosa na deni si kitu kimoja. Mtu akinunua mbuzi sokoni bila kujua kwamba aliibwa, yeye si mwizi. Siku mwenye mbuzi anapokuja na kumtambua kwa alama ya sikio, je, mnunuzi aseme: "Nililipa, nenda zako"? Kila mtu wa haki ataona haya kusema hivyo. Kutokujua kuliondoa kosa. Hakukumfanya mbuzi awe wake. Na anayekataa kuuliza, kwa kuogopa jibu, hawezi tena kujificha nyuma ya kutokujua.

Mwingine atasema: "Nisiponunua mimi, atanunua mwingine." Neno hili lina nguvu masikioni, lakini halina nguvu katika dhamiri. Kwa neno hilohilo askari hupora na karani hula rushwa. Ubaya atakaoufanya mwingine kesho haunipi mimi ruhusa ya kuufanya leo.

Mkumbukeni Abrahamu. Sara mkewe alipokufa, hakuwa na mahali pa kumzika, maana alikuwa mgeni katika nchi ile. Efroni Mhiti alimwambia achukue shamba bure. Abrahamu alikataa. Alipima shekeli 400 za fedha, bei nzima, mbele ya watu wote mlangoni pa mji. Kwa nini hakupenda cha bure? Kwa sababu mgeni mwenye akili anajua kwamba shamba lililopatikana gizani halilali usingizi. Bali lile lililolipwa mchana, mbele ya majirani, hata watoto watalala juu yake kwa amani.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Anayetaka kuhamia msituni, aende kwanza mikono mitupu, akae kidogo na wenyeji. Amwulize mzee wa mahali: "Baba, nani alilima hapa kabla? Walikwenda wapi?" Aulize pia wamama, maana ndio wanaojua kila mpaka wa shamba kwa majembe yao. Ajue mpaka wa mbuga uko wapi, asikubali kiwanja kilicho ndani yake. Kama wako Batwa karibu, awaulize wao wenyewe, si kuuliza habari zao tu. Alipe mbele ya mashahidi, pamoja na haki ya kila mwenye haki. Halafu akae kama jirani, si kama mkata mbao aliyekuja kupeleka msitu wote Bukavu katika magunia ya makala.

Huenda baada ya maswali hayo yote bei itapanda, na yule baba ataona kwamba fedha zake hazitoshi. Ni uchungu, nami siudharau, maana mvua haitamngojea katika Kadutu. Basi atafute kidogo zaidi, au apange kwanza chumba huko kabla ya kununua. Lakini siku atakapojenga, mwenyeji atakuja kumsaidia kusimamisha nguzo, wala hatapita mbali akitazama chini. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo tunavyosema. Kama kuja kwetu kunamwondolea mwenyeji pa kulala, hatukuja kama wageni.