Nani Anamshikia Mtoto Taa?

Laini ya umeme inayotoka kwenye mabwawa ya Inga, magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, husafiri kilomita 1,700 hivi kabla ya kufika mji wa migodi wa Kolwezi, kusini-mashariki. Ilikamilika mwaka 1982, kwanza kabisa kwa ajili ya migodi ya shaba. Vijiji vingi inavyovipita juu kwa juu havijaonja umeme wake, na mitaani Kolwezi kwenyewe kukatika kwa umeme si habari. Kwa hiyo mzazi anayetaka kumpiga picha mwanawe mchanga nyumbani haweki tumaini lake kwenye balbu. Taa yake ni mlango.

Na mlango una masharti yake. Mji uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jua la saa sita likimpata mtoto uani humchimbia vivuli vyeusi machoni. Asubuhi, au jua linapoanza kuinama, hulazwa ndani, hatua moja kutoka kizingitini, ubavu ukielekea nje. Hapo mwanga humjia kwa upande, umepoa, ukipita juu ya shavu na kuacha kivuli chembamba chini ya mdomo. Upande wa pili mama husimamisha kikwembe cha rangi nyepesi ili kirudishe mwanga kidogo. Ukuta wa matofali mekundu huepukwa, maana humwaga wekundu wake usoni. Shuka jeupe nalo lina hila: simu hupima weupe wake, hupunguza mwanga, na uso mweusi wa mtoto hutoka kama doa. Dawa ni kugusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, au kubadili shuka.

Ufundi huu mdogo umebeba swali kubwa. Mtu mzima akielekezewa kamera hugeuza shingo, hujitengeneza, au hukataa. Mtoto mchanga hawezi. Anayemchagulia mwanga anamchagulia namna ya kuonekana, na picha huenda ikaishi kuliko mpigaji. Haki hiyo mzazi ameipata wapi? Wengi watajibu upesi kwamba mtoto ni wake. Lakini historia ya Kongo haikubali jibu jepesi kiasi hicho.

Mwezi Mei 1904, barazani kwenye misheni ya Baringa, Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala akiwa ameketi, akitazama kiganja na unyayo wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilimulikwa ukutani kwa taa za maonyesho mbele ya umati Ulaya na Marekani, ikaongeza shinikizo lililomfanya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aiachie Kongo mwaka 1908. Nani atasema haikupaswa kupigwa? Hata hivyo, dunia inamjua Boali kwa viungo viwili. Uso wake haumo.

Zaidi ya karne moja baadaye ikaja zamu ya Kolwezi. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, nyingi kutoka Lualaba, mkoa wa Kolwezi, na jirani yake Haut-Katanga, na madini hayo yamo katika betri za simu hizohizo zinazopiga picha. Tangu ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016, watoto wanaookota na kuosha mawe wameonyeshwa duniani kote: jua la utosini, vumbi, macho yaliyokazwa kwenye lenzi. Ni mwanga unaoitumikia hoja, na hoja yenyewe ni ya haki. Lakini fikiria mtaa wa Kasulo, ambako kuanzia mwaka 2014 watu walichimba mpaka ndani ya nyumba zao. Mtoto mmoja wa pale angeweza kuwa na picha mbili, ya shimoni na ya mlangoni. Itakayovuka mipaka inajulikana.

Hata kabla ya mpigaji kushika kamera, kuna aliyekwisha kuamua. Kwa miongo kadhaa Kodak ilisambaza kadi za kusahihishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na maabara zilipima kila picha kwa ngozi yake. Watoto weusi mara nyingi walitoka meno na macho tu. Malalamiko yaliyosaidia kuibadilisha filamu yalitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliotaka mbao na kakao zao zionekane vizuri.

Basi mwanga haukosi mwenye kuuchagua. Yupo mtu, na ana sababu zake. Ibada ya ubatizo ya Kanisa Katoliki, inayofanyika katika parokia za jimbo la Kolwezi tangu lilipoundwa mwaka 1971, ina tendo linalosaidia kulifikiri jambo hili. Mshumaa huwashwa kutoka mshumaa wa Pasaka, kisha hukabidhiwa baba au msimamizi, kwa kuwa mtoto hawezi kuushika. Mwanga ule si wa baba. Ni wa mtoto, na mtu mzima anaushika kwa dhamana mpaka mwenyewe akue. Ukiichukua dhamana hiyo hadi mlangoni, kwenye kikwembe na simu, mzazi hawezi tena kuridhika kwamba picha imependeza. Itambidi ajiulize kama mwanawe, akiwa mtu mzima, atakubali kwamba alimulikwa kwa faida yake.

Faida hiyo si lazima iwe urembo. Wazazi wengi huogopa flashi wakidhani itampofusha mtoto. Hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba flashi ya kawaida hupofusha, ingawa humshtua na kuubapaza uso wake. Lakini flashi hiyo isiyopendwa yaweza kufichua kilichojificha. Kwa kawaida mboni zinazopigwa na flashi hurudisha wekundu. Mboni moja ikirudisha weupe picha baada ya picha, huenda ni mtoto wa jicho, au retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Wakati mwingine ni pembe ya kamera tu, ila mtoto apelekwe kwa daktari wa macho bila kuchelewa, kwa sababu ikigunduliwa mapema hutibika. Anayefuta picha “mbaya” zote anaweza kuwa anafuta dalili.

Kuna pia picha nzuri isiyopaswa kutoka nje. Mfaransa Roland Barthes, katika La chambre claire ya mwaka 1980, aliandika kwa kina kuhusu picha ya mama yake akiwa na miaka mitano, kisha akakataa kuichapisha. Kwake ilikuwa mama. Kwa msomaji ingekuwa mtoto yeyote wa zamani.

Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na ibara ya 16 inamlinda mtoto asiingiliwe faragha yake. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi Februari 2024, kwa sheria inayowataka wazazi wailinde kwa pamoja taswira ya mtoto wao na kumshirikisha kadiri ya umri wake. Kumshirikisha maana yake ni kukubali kwamba anaweza kukataa, hata picha iliyopigwa kwa upendo, mlangoni, kwa mwanga ulio sawa kabisa. Na mtoto wa miaka saba akitaka ishushwe ile ambayo bibi ameitundika sebuleni na kuituma kwa shangazi wote mpaka Lubumbashi, hakuna ibara inayomwambia bibi afanye nini.