Kura ya Kumuua Robin

Mwaka 1988 wasomaji wa katuni za Batman nchini Marekani walipewa namba mbili za simu: moja ya kutaka Robin, msaidizi wa Batman, afe, nyingine ya kutaka apone. Kila simu ilitozwa senti 50. Kura za kifo zilikuwa 5,343, za uhai 5,271. Tofauti ya kura 72 tu ikamzika kijana Jason Todd, Robin wa wakati huo.

Mateso yake wasomaji walikuwa wamekwisha kuyaona. Ndani ya ghala huko Ethiopia, Joker, adui wa Batman, anamshushia mtaimbo, pigo baada ya pigo, kisha anamwacha na bomu la saa. Ndani humo yumo pia mama yake mzazi, aliyemsaliti. Jason, mwili umepondeka, anahangaika kumwokoa mama huyo huyo.

Je, kumtakia kifo mtu wa kuchorwa ni kosa?

Wapo wanaosema wino hauna roho, na kwamba wengi walikuwa wamemchoka tu Jason, kijana mkorofi kuliko Robin aliyemtangulia. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Uislamu hupima tendo kwa nia. Injili ya Mathayo inaihukumu hata hasira ya moyoni. Hakuna aliyeuawa, ni kweli. Hata hivyo, mpiga kura alilipa ili unyama ule utimie, na huo ulikuwa uamuzi wake mwenyewe.

Mwaka 2005 waandishi walimrudisha Jason kwa jina la Red Hood, akimuuliza Batman kwa nini Joker bado yu hai.