Kitoweo cha Mgeni

Je, chakula cha anasa humheshimu mgeni anayekila, au humheshimu mwenyeji aliyekiandaa? Mtu aweza kudhani kwamba hilo ni swali la matajiri, wale wawawekeao wageni wao kaviari, yaani mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi. Lakini hata hapa Kiseke, ambako wengi hununua kitoweo cha siku kwa siku, swali hilo huingia nyumbani pamoja na kila mgeni anayebisha hodi.

Kwanza tutazame anasa ni kitu gani. Ndani ya sangara mna bondo, kile kifuko cha hewa kimsaidiacho samaki kuelea. Sijapata kuona mtu wa Mwanza akimwandalia mkwewe bondo. Lakini likikaushwa na kufika Hong Kong au kusini mwa China, hugeuka supu ya karamu, na bei yake kwa kilo huishinda kwa mbali ile ya mnofu. Kaviari nayo ilikuwa rahisi huko Marekani katika karne ya 19, samaki wake walipokuwa wengi. Ilipanda bei walipovuliwa hadi wakaadimika. Kumbe anasa haikai ulimini. Hukaa katika fikira za watu juu ya kile ambacho wenzao hawawezi kukipata.

Na unyonge je? Minofu ya sangara hupelekwa Ulaya, na mifupa na vichwa vyake, ambavyo sisi twaviita mapanki, hukaangwa na kuliwa huku huku. Filamu ya Darwin's Nightmare, aliyoitengeneza Hubert Sauper mwaka 2004, ilipoyaonyesha mapanki hayo, Watanzania wengi waliona wamedhalilishwa, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani. Kwa maoni yangu, panki lililokaangwa vizuri ni chakula kama chakula kingine. Aibu, kama ipo, ni ya mtu kula panki kwa kuwa hakuachiwa kingine, na samaki amevuliwa mbele ya macho yake.

Jambo hilo hilo laweza kutokea ndani ya nyumba moja. Mgeni amefika, ananunuliwa sato mkubwa. Mgeni na baba wanakula mnofu sebuleni. Mama na watoto wako jikoni wanachovya ugali katika mchuzi, na deni la dukani linawangoja wote. Mgeni anaondoka akisifu ukarimu wa baba. Lakini ni nani aliyetoa?

Nitaambiwa kwamba zawadi isiyomgharimu mtoaji si zawadi, na kwamba kujinyima kwa ajili ya mgeni ni uungwana. Nakubali. Hata hivyo, neno lenyewe ni kujinyima. Anayepunguza sahani yake ili ya mgeni ijae ni mkarimu. Anayepunguza sahani ya mtoto, kisha akapokea sifa yeye, amefanya biashara kwa mtaji wa mtu mwingine, tena asiyeweza kukataa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji alale njaa. Maana yake ni kwamba ujio wa mgeni uiletee nyumba nzima neema, hata mtoto mdogo aikumbuke siku ile kwa kuwa naye alipata kipande.

Basi sisemi sato asipikwe, wala simlaumu mwenye uwezo anayenunua kaviari. Nasema tu kwamba kabla ya kumkaribisha mgeni mezani, mwenyeji na achungulie jikoni. Akiona kilichobaki huko ni mchuzi mtupu, ni heri awaite wote, akate samaki vipande vidogo vidogo, na dagaa waongezwe. Mgeni mwungwana atashiba, wala hatakuwa amekula haki ya mtu.