Usiifungue, Ukiifungua Utajua

Simu za mtumba zinazofika hapa Mlandege, nyingi kupitia Dubai, siku hizi huja zimefutwa vizuri, zimebandikwa kioo cha kinga, na afya ya betri inasoma asilimia 100. Mimi ni fundi, na 100 kwenye iPhone 11 ndiyo inayonitia wasiwasi. Simu hiyo ilitoka 2019. Apple wenyewe wanasema betri za matoleo hayo zilikusudiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji. Kwa umri wake ningetegemea kuona 78, 82, pengine 85. Ikisoma 100, ujue kuna mkono umepita.

Kazi ya mkono huo naijua. Unafungua skrubu mbili za chini, unapasha kioo joto mpaka gundi ilegee, unakiinua taratibu. Kichwani mwa betri, chini ya utepe mweusi, kuna kibao chembamba cha saketi, na ndicho kinachoipa simu hesabu za betri. Wapo wanaokikata kibao cha betri ya asili, wakakichomelea kwenye seli ya bei rahisi, kisha wakakiandika upya kwa mashine: mizunguko 0, uwezo 100. Simu inakiamini kibao, mteja anaiamini simu. Baada ya muda inazimika ikiwa na chaji 30, mara nyingi pale kamera inapofunguliwa na umeme mwingi kuvutwa kwa ghafla.

Hilo halina mjadala. Mtume (s.a.w.) alikataza kumwacha ngamia au kondoo bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani maziwa ni mengi, na akampa mnunuzi haki ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi ya tende. Kiwele kilikuwa kimejaa kweli, na 100 imeandikwa kweli kwenye skrini. Haramu yake haipungui kwa hilo.

Linalonisumbua ni jingine. Mwenye duka ninayemfanyia kazi ni mtu mzima, mcha Mungu, na sijamsikia akimdanganya mteja. Siku moja aliniona nimeshika bisibisi mbele ya mzigo mpya, akaniambia: "Usiifungue, mwanangu. Ukiifungua utajua, na ukijua itakulazimu useme." Mteja akimuuliza kama betri ni ya asili, hujibu, "Wallahi sijui." Na kweli hajui.

Je, mtu anaweza kubaki mkweli kwa kujizuia kujua?

Nilimuuliza maalimu anayetusomesha fiqhi. Alianza kwa kunitua mzigo: aibu ya bidhaa ni upungufu unaoshusha thamani au kuharibu kusudi la mnunuzi, katika kitu ambacho aina yake kwa kawaida haina upungufu huo. Basi 81 kwenye simu ya miaka mitano si aibu, ni umri. Kisha akaja kwenye lile bango la madukani, "mali ikishauzwa hairudishwi". Katika madhehebu yetu ya Shafi, kwa kauli yenye nguvu, muuzaji anayejivua dhamana ya aibu zote hukingwa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, basi. Katika bidhaa nyingine sharti hilo halimkingi, awe alijua au hakujua.

Hiyo ni haki ya kurudisha. Dhambi ni mlango mwingine, na hapo mwenye duka anasimama: asiyejua hawezi kuambiwa ameficha. Mimi sikubali. Kutojua ni udhuru pale ambapo elimu iko mbali. Hapa iko chini ya skrubu mbili, na fundi yupo. Kuna jambo moja analolijua kwa yakini, kwamba hataki kujua, na hilo ndilo mteja hajaambiwa. Mteja akisikia "sijui" hudhani ameshatazama akashindwa kutambua.

Ana hoja moja nzito, nami naiheshimu. Kuifungua simu kunavunja gundi inayozuia maji, na ukiirudishia haishiki kama ya kiwandani. Kukagua kila simu ni kuharibu nyingi zilizo nzima. Kwa hiyo sidai zifunguliwe zote. Nadai mteja aambiwe kamili: "Mama, hii 100 siiamini kwa simu ya umri huu. Sijaifungua. Ukitaka naifungua mbele yako, ila kinga yake ya maji itapungua." Hapo uamuzi unakuwa wake, na hatari anaibeba akiwa anaiona.

Mwenye duka amekubali niyaseme maneno hayo, kwa sharti niyaseme baada ya bei kupatana. Hapo bado tunavutana. Mtu akishapatana bei, moyo wake umeshaichukua simu, na utakalomwambia baada ya hapo atalisikia nusu. Mimi nataka yatangulie bei.