Bei ni Maelewano

Kila anayeingia yadi kununua gari la mkononi anakuwa na swali moja kichwani: hii bei ni ya haki, au napigwa? Mimi nimeshapigwa. Gari langu la kwanza lilisoma kilomita 80,000 kwenye dashibodi wakati usukani wake umechubuka kama mpini wa jembe la babu, na sikuuliza. Kwa hiyo safari hii nilikwenda nimejiandaa kwa kila aina ya wizi, isipokuwa wa kwangu mwenyewe.

Gari lilikuwa Harrier, lile toleo ambalo mtaani tunaliita tako la nyani, namba D, injini ya cc 2362. Limeegeshwa nyuma kabisa ya yadi moja Barabara ya Bagamoyo, vumbi tupu, na kwenye kioo wamebandika karatasi: milioni 17, maongezi yapo. Nilikuwa nimezunguka wiki mbili, na yanayofanana nalo yalikuwa yanatajwa milioni 23 hadi 25. Najua, bei ya kutajwa siyo bei ya kuuziwa. Lakini pengo la milioni 6 lazima likunusishe.

Muuzaji, kijana mchangamfu, hakuficha kitu. "Kaka, hii injini imekufa. Mwenyewe kaambiwa anunue nyingine, hana hiyo hela. Ni mama mmoja mstaafu. Tunauza kama lilivyo."

Nikampenda kwa ukweli wake. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alieleza kwa nini soko la magari yaliyotumika huoza: muuzaji anajua ugonjwa wa gari, mnunuzi hajui, basi mnunuzi anashusha bei ya yote kwa woga, na wenye magari mazima wanaona bora wabaki nayo. Hapa ugonjwa ulikuwa umetajwa hadharani.

Fundi wangu, niliyemlipa elfu hamsini ya ukaguzi, akaliwasha. Likatetemeka kwenye sailensa kama mtu mwenye homa, taa ya injini inapepesa. Akachomeka mashine yake, ikasema silinda ya pili haichomi. Muuzaji alikuwa ameitwa na mteja mwingine. Fundi akachomoa koili ya silinda ya pili akaipeleka ya tatu, ya tatu akaileta ya pili, akawasha tena. Kosa likahama na koili: sasa isiyochoma ni ya tatu. Akazunguka nyuma kuangalia moshi, hakuna. Akachomoa kijiti cha oili, safi. Akafunga boneti taratibu.

"Ni koili tu, bosi," akaninong'oneza. "Ya mtumba haifiki laki. Injini nzima hii. Nyamaza, lipa."

Na mimi, nisifiche, sikunyamaza tu. Niliomba nipunguziwe. Tukafika milioni 16 na nusu.

Utetezi wangu nilikuwa nao, na bado sioni kama ni wa kijinga. Sikusema uongo. Ujuzi ule niliulipia. Yule mama angeweza kutafuta fundi wa pili. Na kama kila mnunuzi atalazimika kutangaza anachokijua, nani atajisumbua kuchunguza? Bei ni maelewano, ndivyo tunavyosema, na tulielewana.

Ila tulielewana kuhusu nini? Yeye alikubali kuuza gari lenye injini iliyokufa. Mimi nilikubali kununua lenye injini nzima. Namba ya chesisi moja, magari mawili. Ukiniuliza wapi hasa mimi na yule mama tulikutana, sina pa kukuonyesha.

Pia kulikuwa na cha juu. Ningemwambia kijana wa yadi ukweli, angebadilisha karatasi ile iandikwe milioni 23, ampelekee mama kiasi kilekile walichokubaliana, tofauti aiweke mfukoni. Uaminifu wangu ungemlisha dalali. Hoja hii ni ya kweli, na nilifurahi mno kuipata, jambo ambalo lingetosha kunitia shaka.

Ustadhi wetu wa madrasa alipenda kutusimulia kisa cha Jarir bin Abdullah, sahaba wa Mtume. Alinunuliwa farasi kwa dirham 300. Jarir alipomwona farasi, akamwambia mwenyewe kwamba mnyama wake ana thamani zaidi, akaanza kupandisha bei mwenyewe, mpaka akalipa 800. Alipoulizwa, akakumbusha kwamba alimwahidi Mtume kumtakia mema kila Mwislamu. Utotoni tulicheka. Tulidhani Jarir hajui biashara.

Ukubwani nikakutana na pacha wake kwa Cicero. Scaevola wa Roma alitaka kununua shamba, akaomba atajiwe bei mara moja tu, bila mivutano. Akatajiwa. Akasema kwa makadirio yake linazidi hapo, akaongeza sesterce 100,000. Cicero anasema hakuna aliyekataa kwamba huyo alikuwa mtu mwema. Walichokataa ni kwamba alikuwa na akili. Kicheko chetu cha madrasa, kumbe ni cha zamani sana.

Aliyenibana kabisa ni Thoma wa Akwino, kwa sababu yeye hasifii ukarimu. Anazungumzia deni. Mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi anajua ni dhahabu, mnunuzi huyo amenunua kwa dhuluma na anawajibika kurudisha. Neno ni hilo, kurudisha. Nilikuwa nimezoea kusoma maandiko ya bei ya haki kama silaha dhidi ya wauzaji.

Mama mwenyewe nilimwona kwa wakili, siku ya kusaini mkataba wa mauziano. Mwalimu mstaafu, kitambaa kichwani, kadi ya gari ameiweka ndani ya bahasha ya kaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unisamehe, limekukuta limeshachoka. Mimi lilinihudumia vizuri sana."

Nikamwambia, "Haidhuru, mama." Hayo ndiyo maneno niliyoyapata.

Koili mpya ilifungwa kwa dakika ishirini. Gari likatulia kabisa, hata glasi ya maji ungeweka juu ya boneti. Nililiendesha wiki tatu.

Kisha nikakaa na kalamu. Milioni 23 ni ya kutajwa. Pengine lingeuzwa 21. Toa cha dalali. Toa fundi, toa koili. Nilitaka kutoa pia malipo ya kubeba hatari ya kununua gari bovu, nikakumbuka kwamba hatari sikubeba yoyote. Thoma anakubali kwamba bei ya haki haipimwi kwa nukta, ni makadirio, na tofauti ndogo haiharibu usawa. Bado nilijikuta navutia makadirio upande wangu. Nikasimama kwenye milioni 3. Namba yake ya simu ilikuwa kwenye mkataba. Nikatuma.

Hazikupita dakika tano, akapiga.

"Mwanangu, nadhani umekosea namba. Milioni tatu zimeingia kwangu. Nielekeze nizirudishe, kabla hujahangaika."

Nikamweleza yote, koili, silinda, elfu hamsini ya fundi, hata zile laki tano nilizoomba nipunguziwe. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilisikia kuku nyuma yake, na redio.

"Kwa hiyo lilikuwa zima," akasema, na hakuwa anauliza. "Miezi minne napanda daladala."