Bei ya Uso Mpya

Msomaji wangu, kuna maneno mawili ambayo sokoni huchanganywa kama mchele na pumba, nayo ni bei na gharama. Bei hutajwa na muuzaji kabla ya mkono kuingia mfukoni. Gharama huja kujulikana na mnunuzi, tena mara nyingi akiwa amekwisha fika nyumbani. Mwenye kununua kikapu hapati hasara kubwa kwa kutopambanua maneno haya. Mwenye kununua pua, kifua au kiuno kipya katika nchi ya mbali yamkini akapoteza kila kitu.

Naam, siku hizi hata uso hununuliwa. Mjini Istanbul, katika nchi ya Uturuki, zipo hospitali nyingi zinazotaja bei moja kwa yote: upasuaji, malazi ya hotelini, gari la kumpokea mgeni kiwanja cha ndege, na mkalimani wa kumfasiria. Bei hiyo aghalabu ni nafuu kuliko ile ya Ulaya, na matangazo yake huingia katika kila simu, ya tajiri na ya mwanafunzi, bila ya kubisha hodi.

Mwanafunzi wangu wa zamani alinijia jioni moja kuniaga. Alikuwa mwanamke mzima sasa, mwenye kazi na mshahara. Alikuwa amekopa fedha katika chama cha akiba ili aende Istanbul akachongwe pua. Nami, kwa desturi mbaya ya walimu, nilivaa joho la mawaidha nikamhubiria juu ya kuridhika na umbo alilopewa na Muumba. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, unalikumbuka jina nililopachikwa kidato cha pili? Hata wewe uliniita kwa jina hilo siku moja, mbele ya darasa, na wote wakacheka."

Sikulikumbuka. Hilo ndilo lililoniuma. Yeye alikuwa amelichukua neno hilo kwa miaka kumi na miwili, na mimi sikulichukua hata mpaka mlangoni pa darasa. Tangu jioni ile sijathubutu kusema juu ya jambo hili kama hakimu. Nasema kama mdaiwa.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba kisu cha tabibu wa sura ni kisu cha dhambi. Katika Bara Hindi elimu ya kuunda pua upya iliandikwa zamani sana, katika maandiko yanayohusishwa na tabibu Sushruta, maana pua ilikuwa ikikatwa kuwa adhabu, na mtu asiye na pua alikuwa hana mahali pa kuketi mbele ya watu. Katika Vita Kuu vya kwanza daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu askari waliovunjwa nyuso kwa mizinga, na mwaka 1917 hospitali maalumu ilifunguliwa kwa ajili yao huko Sidcup, Uingereza. Katika vita vya pili jamaa yake, Archibald McIndoe, aliwashughulikia marubani walioungua moto, katika mji mdogo wa East Grinstead. Inasimuliwa kwamba aliwahimiza wenyeji wa mji ule wawakaribishe marubani wale na kuwatazama machoni bila ya kugeuza uso. Tabibu yule alijua kwamba kazi ya nusu ya pili si ya sindano bali ya majirani.

Wala sisi hatuna haki ya kujifanya wageni katika mambo haya. Wazee wetu walichonga meno, walichanja chale, walitoga masikio na kuyavuta ndewe mpaka zikaning'inia. Wengi walifanya hivyo kwa fahari. Kisha zama zikageuka, na katika nchi hii hii wapo waliokwenda hospitalini kushonwa ndewe zile zile, maana uzuri wa jana ulikuwa umekuwa kichekesho cha leo. Ila kuna tofauti moja ambayo sioni ikitajwa vya kutosha. Aliyetogwa alitogwa nyumbani. Kidonda kikioza, mama alikuwako, na aliyekata alikuwa jirani ambaye angeulizwa.

Basi tuliketi, mimi na mwanafunzi wangu, tukachukua karatasi tukahesabu. Yeye alikuwa ameandika bei, nauli na posho. Mimi nilimwuliza: na safari ya pili? Pua iliyopasuliwa huvimba, na uvimbe wake huweza kuchukua hata mwaka mzima kabla ya kwisha kabisa. Kwa hiyo siku ya kujua kama kazi ni njema au ni mbovu, fundi wake yuko ng'ambo ya bahari. Ikiwa ni mbovu, atarudi kwa nauli ya nani? Na akitaka kushtaki, atashtaki kwa lugha gani, katika mahakama ya nani? Yeye akaandika. Nikamwuliza pia juu ya ndege. Mtu akikatwa kisha akaketi kwa saa nyingi bila ya kunyosha miguu, damu huweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu, na bonge lile likasafiri mpaka mapafuni. Kwa sababu hiyo huduma ya afya ya taifa ya Uingereza huwashauri watu wasipande ndege kwa siku 5 hadi 7 baada ya kupasuliwa kifua au kufyonzwa mafuta, na siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji wa uso au wa tumbo. Tiketi yake ilikuwa ya siku ya nne. Aliikunja tiketi ile polepole, asiseme neno.

Kuna hesabu nyingine ambazo sikumsomea kwa sababu hazikuwa za pua, lakini wewe yafaa uzijue. Taasisi ya serikali ya Marekani inayozuia magonjwa ilihesabu vifo 93 vya raia wake waliofanyiwa upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika baina ya mwaka 2009 na 2022. Mpaka 2018 walikufa wapata 4 kwa mwaka; tangu 2019 wakawa 13. Walipochunguza vifo vya 2019 na 2020, waliona kwamba vilivyo vingi vilitokana na mafuta au damu iliyoganda kuziba mishipa ya mapafu. Mafuta huingiaje mapafuni? Katika kuongeza makalio, tabibu hufyonza mafuta ya tumbo na kuyadunga nyuma. Ncha ya bomba ikipenya mshipa mkubwa ulioko chini ya nyama, mafuta huchukuliwa na damu hadi moyoni na mapafuni, na mara nyingi hakuna dawa ya kuyawahi. Uchunguzi wa matabibu uliotangazwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba huenda mtu mmoja katika kila 3,000 wanaofanyiwa kazi hii hufa. Walio wengi hurudi salama, ni kweli. Lakini anayekwenda haambiwi yeye ni wa ngapi.

Wala usidhani kwamba msiba huu ni wa wanaotafuta rahisi peke yao. Bibi Stella Obasanjo alikuwa mke wa rais wa Nigeria. Angaliweza kulipa bei yoyote duniani. Alikwenda Marbella, Hispania, kwa upasuaji wa urembo, akafa tarehe 23 Oktoba 2005, zikiwa zimebaki wiki chache tu atimize miaka 60.

"Mwili ni wangu," mwanafunzi wangu aliniambia, na sikupata la kumpinga. Mwili ni wake. Lakini nilijiuliza, na bado najiuliza, macho aliyokuwa akijitazamia katika kioo yalikuwa ya nani. Pua yake haikumwuma kamwe. Haikumzuia kupumua wala kunusa. Iliyomwuma ni sauti yetu, na sauti hiyo haikuwamo katika orodha ya mambo ambayo hospitali ya Istanbul iliahidi kuyaondoa.

Alikwenda. Alibadilisha tiketi, akakaa huko siku kumi na mbili, akarudi mzima, na nilimshukuru Mungu. Alipokuja kunisalimu aliniuliza kama amependeza. Nikamwambia kweli, amependeza. Nilimwomba radhi pia kwa lile jina, naye akacheka akasema yamepita. Alipocheka aliinua mkono wa kulia akaifunika pua, vile vile kama alivyokuwa akifanya katika dawati la nyuma kidato cha pili; kisha akaniaga mapema, kwa kuwa jioni ile alikuwa na kazi ya ziada aliyoichukua ili alipe mkopo.