Amana ya Sauti Iliyorekodiwa
Stirio, yaani sauti ya njia mbili, kushoto na kulia, ambayo Alan Blumlein aliiombea hataza nchini Uingereza mwaka 1931, humwezesha msikilizaji kutambua kila sauti inatokea upande gani. Hata hivyo, tundu la simu janja lenye migusano minne hutenga miwili kwa spika za masikioni, mmoja kwa ardhi na mmoja tu kwa maikrofoni, hivyo kaswida inayotoka kwenye miksa, mtambo wa kuchanganya sauti, ikipitishwa hapo, waitikiaji wa pande mbili husongamana mahali pamoja au upande mmoja hupotea kabisa. Je, kilichohifadhiwa ni kaswida ile ile au ni alama yake tu? Wanafikihi wa Kihanafi, waliosema kuwa mwangwi wa aya ya sijda, yaani aya ya Kurani ambayo anayeisikia husujudu, haumlazimishi msikiaji kusujudu, walikwisha kutenganisha usomaji na sauti inayorudi bila msomaji. Na tofauti hiyo ina nguvu, kwa kuwa hata kifaa cha USB chenye maingizo mawili, kinachopima kila njia mara 48,000 kwa sekunde, hakirekodi nia ya msomaji. Lakini alama nayo ni amana, na anayejua kwamba upande mmoja umepotea anawajibika kumweleza msikilizaji.